Utomvu wa Papai na Minyoo ya Kuku

Msomaji mmoja wa Pangani ametuuliza kama ni kweli, kama alivyosikia kwa wazee wake, kwamba utomvu wa papai bichi huwatoa kuku minyoo. Nami, nikiyaacha yale ambayo kila mfugaji ayajua, ya kuku kukonda na mayai kuadimika, napenda kukaa zaidi juu ya jinsi utomvu huo ufanyavyo kazi, maana hapo ndipo penye ajabu.

Mnyoo mkubwa wa matumbo ya kuku, Ascaridia galli, ambaye jike lake hufika sentimita 10 na zaidi, hana mfupa hata mmoja; husimama kwa nguvu ya maji yaliyosongwa ndani ya ngozi yake, mfano wa kiriba kilichojazwa hata kikawa kigumu, nacho kiriba, madhali ngozi yake ni nzima, huburutwa na kugongwa kisidhurike, lakini mtu akiikwangua ngozi hiyo polepole mahali pamoja tu hata ikawa nyembamba, hana haja ya kuitoboa, kwa kuwa maji yale yale yaliyokipa kiriba umbo lake ndiyo yatakayokipasua. Mkwanguaji ni kimeng'enya kiitwacho papaini, hicho hicho kilainishacho nyama ya mishkaki ipakwapo papai bichi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham, walipoitia minyoo ya panya katika vimeng'enya vya jamii hiyo, waliona ngozi ikifanya malengelenge, kisha ikipasuka.

Yamkini mtu atauliza mbona mnyoo, aishiye daima katikati ya vimeng'enya vya tumbo la kuku, havimyeyushi. Jawabu ni kwamba amejihami, kwa kutoa vizuizi vya kuvizima vile vya mwenyeji wake. Amma papaini ni ya kabila nyingine, ikatayo protini kwa msaada wa chembe ya kiberiti, na silaha alizorithi mnyoo hazikukusudiwa kwayo. Nchini Indonesia, nguruwe waliopewa gramu 8 za utomvu kwa kila kilo ya uzito walitokwa na minyoo yao, ambayo ni jamaa ya hii ya kuku, baadhi yao wakiharisha kidogo kesho yake.

Utomvu na ukingwe katika tunda bichi, kwani likiiva hupungua. Na banda sharti lifagiwe siku ile ile kuku wapewapo utomvu, maana mayai ya minyoo hudumu mchangani miezi mingi, na kuku achakuraye akayameza leo atakuwa na minyoo yenye kutaga baada ya wiki 5 hadi 8.