Wikendi ya Mwisho wa Oktoba Machakos

Usiku wa tarehe 31 Oktoba ni Halloween, ambayo baadhi ya vijana wa Nairobi huisherehekea kwa kuvaa mavazi ya kutisha na kukesha kwenye kumbi za muziki. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Wakatoliki huadhimisha Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mwaka 2026 siku hizo mbili zinaangukia Jumamosi na Jumapili, na kwa mkazi wa Arusha au Moshi mwenye rafiki Machakos hiyo ni nafasi nzuri ya kuvuka mpaka na kumtembelea. Machakos si mji wa sherehe za mizimu. Hata hivyo una barabara ambayo maji huonekana kupanda mlima, na mgeni anayetaka kustaajabu hahitaji zaidi ya hapo.

Kutoka Arusha hadi mpaka wa Namanga ni kilomita 110 hivi. Tangu Desemba 2018 kituo cha Namanga hukamilisha taratibu za nchi zote mbili chini ya paa moja, na hufanya kazi usiku na mchana. Mtanzania haombi viza ya kuingia Kenya, lakini anatakiwa kuwa na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kitambulisho cha taifa, ambacho Waganda na Wanyarwanda hukitumia kuingilia Kenya tangu Januari 2014, kwake hakitoshi. Baada ya mpaka barabara hupita Kajiado, Isinya na Kitengela hadi Athi River, na hapo ndipo wageni wengi hupotezea muda bure kwa kuendelea hadi katikati ya Nairobi. Anayekwenda Machakos hushuka Athi River, akaingia Barabara ya Mombasa hadi njia panda ya Kyumvi, kisha akakata kushoto. Anayelazimika kupitia Nairobi asishangae kusikia watu wakitaja “Machakos Airport”: hakuna ndege huko, ni jina la utani la stendi kuu ya mabasi ya mikoani.

Mji wenyewe una umri mkubwa kuliko Nairobi. Jina lake limetokana na Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba aliyeishi hapo, na wenyeji wengi bado huuita mji wao Masaku. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala eneo hilo ilijenga kituo chake hapo, na tangu 1892 kikasimamiwa na John Ainsworth. Reli kutoka Mombasa ndiyo iliyobadilisha mambo. Haikupita Machakos, ilifika Nairobi, wakati huo bonde la majani na maji, mwezi Mei 1899, na mwaka huohuo Ainsworth akahamishia makao ya jimbo huko. Laiti reli ingepinda kidogo kuelekea milima ya Iveti iliyo jirani na Machakos, pengine mgeni wa leo angekuwa anaitembelea Machakos kama jiji kuu.

Halloween ilianzia mbali na hapa. Waselti wa Ireland waliuanza msimu wa baridi kwa sikukuu ya Samhain, wakiamini kwamba usiku huo wafu hukaribiana na walio hai. Kanisa liliweka sikukuu ya watakatifu kwenye tarehe zilezile, na mkesha wake ukarithi mila za zamani. Waayalandi walichonga tanipu na kutia taa ndani. Walipohamia Marekani katika karne ya 19 walikuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, wakayatumia badala yake.

Wakamba nao walikuwa na njia yao ya kuishi na wafu, na haikufungwa kwenye usiku mmoja wa mwaka. Roho za wahenga, aimu, zilipewa sadaka kwenye ithembo, mahali patakatifu chini ya mti mkubwa, hasa mvua ilipokawia. Ngoma ya kilumi, inayochezwa zaidi na wanawake kwa vishindo vya ngoma kubwa, ilikuwa njia ya kuziita roho hizo. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Ukambani mwaka 1895 na kuanzia kazi Nzaui. Leo makanisa ndiyo yanayopanga Jumapili ya watu wengi wa Machakos, na waumini wengi huiona Halloween kama mchezo na mapepo. Mgeni aliyepakia kinyago kwenye begi afadhali amuulize kwanza mwenyeji wake.

Jumamosi inafaa kwenda Kyamwilu, kilomita kama 12 kutoka mjini. Hapo gari likisimamishwa na kuachwa bila gia, huanza kusogea lenyewe kuelekea upande ambao macho huuona kuwa mlima. Maji yakimwagwa kwenye lami nayo huelekea huko. Simulizi moja ya wenyeji inawataja wanaume wawili, Kyalo na Mwilu, waliompenda mwanamke mmoja na kuzikwa pande mbili za barabara. Inasemekana mvutano wao haujaisha, na majina yao ndiyo yaliyozaa jina la mahali.

Barabara za namna hii zipo pia Scotland, India na Kanada, na maelezo yake yanajulikana. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walitengeneza barabara ndogo za mfano maabara, wakabadilisha mteremko wake na kuficha upeo wa macho. Watu waliozitazama waliona mteremko mdogo kuwa ni mlima. Jicho halipimi mwinuko lenyewe: hulinganisha na upeo wa mbali, miti na kingo za barabara. Upeo ukifichwa na vilima, na ardhi ya jirani ikiwa imeinama zaidi kuliko barabara, akili hugeuza chini kuwa juu. Maji hayadanganyiki, yanashuka kama kawaida. Kulijua hilo hakupunguzi uhondo, kwa sababu hata anayeyafahamu maelezo yote huendelea kuona maji yakipanda.

Kwenye milima ya Iveti na jirani zake kuna jambo jingine linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Miteremko yake imepangwa matuta kama ngazi. Miaka ya 1930 udongo wa hapa ulikuwa ukichukuliwa na maji, na serikali ya kikoloni ikaamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu yao waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu kama adhabu. Matuta yaliyoiokoa ardhi baadaye yalichimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mfereji, na mbinu hiyo inaitwa “fanya juu” hata kwenye vitabu vya wataalamu vilivyoandikwa kwa Kiingereza.

Mgeni wa kutoka Tanzania atapata jambo la kwao huko Wamunyu, kwenye barabara ya Kitui. Uchongaji wa vinyago ulioifanya Ukambani ijulikane duniani ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa mafundi Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Jioni chakula kinachomfaa mgeni ni muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, kisha yakachemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Machakos ipo mita 1,600 hivi juu ya bahari, kwa hiyo sweta inahitajika usiku. Mwishoni mwa Oktoba ndipo mvua za vuli, zinazotegemewa zaidi Ukambani, huanza kunyesha, na familia nyingi huwa shambani zikipanda. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, yasema methali. Msimu huu huenda akalikuta siku ya pili, na kulishika kwa saa moja ni heshima kubwa kwa mwenyeji kuliko zawadi ya dukani.

Anayetakiwa kazini Arusha Jumatatu aondoke Machakos Jumapili kabla ya saa sita mchana, ili aivuke Namanga kukiwa bado kweupe.