Hatuombi Huruma, Twadai Njia

Na Mwandishi Wetu

KITANDA usichokilalia, wahenga walisema, hujui kunguni wake. Msemo huu ungefaa kuandikwa mlangoni pa maonyesho yaliyofanywa mjini Manchester, Uingereza, katika jumba la makumbusho la People's History Museum, tangu Novemba 2022 hadi Oktoba 2023.

Maonyesho hayo yalihusu walemavu na harakati zao za kudai haki. Jina lake, Nothing About Us Without Us, maana yake ni "lolote letu lisiamuliwe bila sisi". Wenye jumba, ambalo lina sifa kwa mabango makubwa ya rangi ya vyama vya wafanyakazi, hawakuishia kwenye jina. Kazi ya kuyaandaa maonyesho hayo waliifanya pamoja na kamati ya walemavu wenyewe.

Jambo hilo si dogo. Kwa miaka mingi mlemavu alipoonekana katika picha, alichorwa kama maskini wa kuhurumiwa au kioja cha kutazamwa. Mchoraji alikuwa mwingine, msimulizi alikuwa mwingine, na mwenye mwili alitakiwa kunyamaza.

HADITHI YABADILIKA

Kalamu ikishikwa na mwenyewe, hadithi hubadilika. Chukua mfano wa Telethon, kipindi cha televisheni ya ITV kilichochangisha fedha mwaka 1988, 1990 na 1992. Walemavu walionyeshwa kwa namna ya kuwatoa watazamaji machozi ili wafungue mifuko yao. Mtu wa kando angesema huo ni wema mtupu. Lakini mwaka 1990, na tena 1992, walemavu waliandamana kukipinga. Fulana zao zilikuwa na maneno makali ambayo, kwa kuchunga adabu, tutayafasiri hivi: huruma yenu hatuitaki kabisa. Baada ya 1992 kipindi hicho hakikurudi tena.

Katika miaka hiyo ya 1990 wengine walijifunga pingu kwenye mabasi ambayo mtu wa kiti cha magurudumu hakuweza kuyapanda. Sheria ya kukataza ubaguzi dhidi ya walemavu ikapitishwa huko mwaka 1995.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Mmoja wa waliojenga fikra hizo alikuwa mwana wa Afrika Kusini, Vic Finkelstein, mtu wa kiti cha magurudumu. Alifungwa kwao kwa kupinga ubaguzi wa rangi, akahamia Uingereza mwaka 1968. Yeye na Paul Hunt walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama kilichotangaza mwaka 1976 kwamba kinachomlemaza mtu ni jamii, wala si mwili wake. Yaani, asiyeweza kutembea hazuiwi na miguu yake kuingia posta. Anazuiwa na ngazi.

NA SISI JE?

Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kufika mahali pa umma na kusafiri kwa vyombo vya umma. Lakini hebu simama kituo cha matatu saa za jioni, umtazame mwenye magongo akishindana na kipandio cha gari na papara za utingo. Wakati mwingine gari huondoka, naye hubaki pale pale.

Tumezoea kununua kazi za mikono ya walemavu, kama zile za Bombolulu, Mombasa, palipoanzishwa mwaka 1969. Vipuli vyao twavivaa. Bado hatujazoea kuwaachia wasimulie habari zao wenyewe.

Hujafa hujaumbika, leo ni fulani, kesho ni wewe. Siku makumbusho yetu yatakapoandaa maonyesho ya namna hiyo, walemavu wasialikwe siku ya kukata utepe tu. Waitwe mapema, kabla hata msumari wa kwanza haujapigwa ukutani.