Tunda Lililozaa Chama

Aghalabu imani ya kisiasa hudhaniwa kuwa zao la hoja. Kura ya maoni ya Novemba 21, 2005 nchini Kenya yadhihirisha vinginevyo. Walioiunga mkono rasimu ya katiba walipewa alama ya ndizi, walioipinga, chungwa. Muda si muda matunda hayo yakageuka majina ya watu: huyu wa ndizi, yule wa chungwa. Rasimu ilikataliwa, lakini alama haikuzikwa nayo. Chungwa lilizaa chama, Orange Democratic Movement, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia. Hapo imani ilikwisha kuwa ukoo, na ukoo haujadiliwi.

Ajabu ni mwaka wa 2010. Mwai Kibaki na Raila Odinga, mahasimu wa 2005, walisimama pamoja upande wa kijani; William Ruto, aliyekuwa chungwa pamoja na Raila, akaongoza wekundu. Katiba ikapita Agosti 4. Rasimu hizo mbili hazikuwa sawa, ni kweli, na makaburi ya 2008 yaliwalainisha wengi. Hata hivyo, Nyanza iliyokataa 2005 ilikubali 2010, ilhali Bonde la Ufa lilikataa mara zote mbili, kila eneo likiandamana na kiongozi wake.