Mtaji wa mboga unapoishia kliniki

Saa kumi alfajiri, mama mboga wa mtaani Nairobi huwa tayari njiani kwenda Marikiti. Tuseme amefunga Sh3,000 kwenye leso. Nyumbani ameacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye mwili umekuwa moto usiku kucha. Akizimaliza pesa zote kwa sukuma na nyanya, za kliniki atazipata jioni, akiuza. Akitoa Sh1,200 za vipimo na dawa, meza itakuwa nusu na wateja watahamia kwa jirani.

Wafanyabiashara wa aina yake ndio wengi nchini Kenya. Utafiti wa kitaifa wa biashara ndogo na za kadri, uliotolewa na shirika la takwimu KNBS mwaka wa 2016, ulihesabu biashara milioni 7.41. Zenye leseni za kaunti zilikuwa milioni 1.56 pekee. Zile nyingine milioni 5.85 hazingepatikana katika orodha za leseni, kwa hivyo zilitafutwa kupitia nyumba za watu. Yaani, ili kuifikia biashara, ilibidi kwanza mlango wa familia ubishwe.

Nyuma ya mlango huo mara nyingi alikuwa mama. Kati ya biashara zisizo na leseni, takriban asilimia 60 zilimilikiwa na wanawake. Mtaji nao kwa wengi haukutoka benki, bali mfukoni mwa mwenyewe au kwa jamaa.

Sehemu inayouma zaidi ni ya biashara zilizokufa. Milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano kabla ya utafiti, na karibu nusu yake hazikumaliza hata mwaka. Sababu iliyotajwa na wengi zaidi ni kukosa pesa za kuendeshea biashara.

Jibu hilo ni la kweli, ila ni fupi mno. Linaonyesha kwamba pesa ziliisha, halionyeshi ziliishia wapi. Mwenye duka kubwa ana akaunti ya biashara na akaunti ya nyumbani. Mama mboga ana leso moja, na humo ndimo mnatoka karo, kodi, unga na dawa ya kikohozi. Homa ya siku tatu kwa mtoto wake inaweza kula mzigo wa wiki nzima, na hakuna daftari litakaloandika kuwa kibanda kilifungwa kwa sababu ya homa.

Takwimu nyingine za kitaifa zinasaidia kulijaza pengo hilo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulipata kwamba takriban mtu mmoja tu kati ya wanne nchini alikuwa na bima ya afya. Waliobaki wakiugua, hulipa wenyewe pale dirishani.

Kujifungua ni mtihani mwingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo yenye malipo. Aliyejiajiri hana wa kumlipa, kwa hivyo hurudi sokoni mapema, mtoto akiwa mgongoni au ameachiwa dada yake. Halafu kliniki anaambiwa anyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Ushauri ni sahihi kabisa, lakini anayeutoa huwa na mshahara mwisho wa mwezi.

Tangu Oktoba 2024, NHIF imeondoka na SHA imeingia. Kwa aliyejiajiri, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba baada ya kukadiriwa, na haupungui Sh300 kwa mwezi. Tatizo ni kwamba mpango ulianza kwa kudai mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na mwenye kibanda huhesabu pesa kwa siku. Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kujisajili hakulipishwi, hufanywa kwa simu kupitia *147#, na aliyesajiliwa anastahili kutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vya umma hata kabla ya kulipa mchango. Mchango huhitajika anapopelekwa hospitali kubwa. Dawa zikikosekana zahanati, bila shaka, leso hufunguliwa tena.

Baadhi ya akina mama huweka pesa ya ugonjwa katika chama, kando na ile ya mzigo, hata kama ni Sh20 kwa siku. Si nyingi, lakini nauli ya kwenda zahanati hupatikana bila kugusa mtaji.

Na kuna hali ambazo hazingoji jioni. Mtoto anayepumua kwa kasi au kifua kikibonyea ndani, anayekataa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke vizuri, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama gari la Marikiti limeshafika stejini.