Kifusi Kikishatoka Langoni ni cha Nani?

 

Wasomaji wetu watukufu, na hasa akina mama ambao ndio wasimamizi wa nyua zetu, juma hili tumeona tuzungumzie kazi ya kuvunja na kuondoa zege kuukuu iliyo mbele ya nyumba. Wengi wetu tunayo njia ya namna hiyo, itokayo langoni hadi barazani, imepasuka na kuinuka. Mtoto akikimbia hujikwaa, na mvua ikinyesha maji hutuama.

Kilichotusukuma kuandika ni yale tuliyoyashuhudia Butula, katika kaunti ya Busia, tulipokuwa wageni wa familia moja yenye asili ya pwani. Butula iko katika barabara itokayo Bumala kwenda Mumias, na Mumias ni mji ulioufahamu Uislamu kwa misafara ya Waswahili tangu enzi za Nabongo, hata mtu wa pwani akihamia pande zile hajioni mgeni kabisa. Bwana wa nyumba alikuwa ameazimia kuiondoa njia yake ya zege yeye mwenyewe, pamoja na vijana wake wawili, ili kupunguza gharama. Tulimsifu kwa hilo. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alibeba udongo pamoja na maswahaba zake lilipochimbwa handaki la Madina.

Kuvunja hakukuwasumbua. Waliulizia kwanza bomba la maji limepita wapi, kisha wakaanzia penye ufa, mmoja akiinua kipande kwa mtaimbo na mwingine akikipiga kwa nyundo kubwa kingali kimeinuliwa, kwani zege iliyolala juu ya udongo huumeza mshindo wa nyundo. Mama wa nyumba akasisitiza wamwagie maji kila mara. Alikuwa na haki. Vumbi la zege lina chembe ndogo za mchanga zinazoharibu mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Watoto aliwapeleka kwa jirani, na nguo zilizoanikwa akaziingiza ndani. Baada ya siku mbili njia yote ilikuwa vipande.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Mama alichukua kalamu akaandika juu ya mfuko mtupu wa unga: urefu mita 12, upana mita 3, unene sentimita 10. Hiyo ni meta za ujazo 3.6, na meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400. Jumla ni zaidi ya tani 8 na nusu. Wilibaro ikipakiwa kilo 60, kiasi ambacho kijana anaweza kukisukuma bila kuumia mgongo, ni safari 144. Bwana alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Laiti hesabu ile ingefanywa kabla ya pigo la kwanza la nyundo!

Akatafutwa mtu mwenye lori dogo. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko ya wengine wote, na hakuna aliyemuuliza angeenda kumwaga wapi. Sisi pia tulikuwa barazani tukinywa chai, wala hatukuuliza. Safari yake ya kwanza ilichukua muda mfupi mno, na hilo peke yake lingetosha kutuzindua.

Usiku ule mvua kubwa ilinyesha. Kumbe mzigo ulikuwa umemwagwa mbele ya kalvati, mita chache tu chini ya barabara. Maji yalikosa pa kupita, yakageuka, yakaingia katika jiko la bibi mmoja mjane, ambaye watoto wa nyumba ile humwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya huko. Gunia lake la mahindi lilirowa lote. Yeye si Muislamu, na haki ya jirani haipungui kwa sababu hiyo.

Alfajiri palitokea mabishano. "Mimi nimelipa pesa zangu ziondolewe taka," bwana akasema. "Kama kuna dhambi, ni ya mwenye lori." Mkewe akamjibu kwa upole, "Baba watoto, zege ilikuwa ya nani?" Kisha wote wawili wakatugeukia sisi.

Tukasema tulivyoona. Mwenye lori amekosa, na anapasa kuambiwa hivyo. Lakini yeye alikuwa wakala, na mwenye mali aliyemtuma bila kumwelekeza, huku bei yenyewe ikimwashiria kwamba kuna kasoro, hawezi kunawa mikono. Mtume wetu (s.a.w.) amekataza kudhuru, na ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Vipi basi kwa aliyekiweka, au kilichowekwa kwa niaba yake? Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Mazingira ya 1999 na ile ya Usimamizi wa Taka ya 2022 hazimruhusu mtu kumwaga taka popote apendapo.

Bwana hakujibu. Alichukua sepetu akatoka, na vijana wakamfuata na wilibaro. Kalvati ilifunguliwa kabla ya adhuhuri. Kifusi chote, kile cha lori na kile kilichobaki uani, walikibeba kwa siku tano, kila siku baada ya sala ya alfajiri hadi jua lilipokuwa kali.

Kilikwenda wapi? Akina mama tunaomba mlitazame hili, maana kifusi si uchafu mtupu. Vipande vikubwa vilivyo bapa vilipelekwa madrasa, vikapangwa kuzunguka pahali pa kutawadhia palipokuwa na matope. Vya wastani vilijazwa chini ya sakafu ya banda la ng'ombe la jirani wa pili, aliyekuwa karibu kununua mawe. Wavu wa chuma uliokuwa ndani ya zege ulikatwa na kutolewa kwanza, usije ukachoma mguu wa mtu, kisha akauziwa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye leseni. Huku kwetu Lamu, ambako punda ndiye abebaye kifusi vichochoroni, fundi hatupi jiwe la ukuta wa zamani kabla ya kuligeuza mara mbili.

Fedha za ule wavu ziliongezewa kidogo, yakanunuliwa mahindi gunia moja, na bwana akayabeba mwenyewe hadi kwa Kukhu. Alikaa huko muda mrefu, waliyozungumza hatukuyauliza.

Tulipoaga kurudi pwani njia mpya ilikuwa bado haijawekwa. Palikuwa na changarawe tu, na mtaro mdogo uliochimbwa ili maji yaelekee bustanini. Kukhu alikuwa ametandaza turubai papo hapo uani, akianika yale mahindi yake ya zamani yaliyorowa, ili awape kuku.