Usukani wa kuume kwenye barabara ya kuume

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama unayepeleka watoto kwenye masomo, hapa kwetu hakuna mutu asiyejua kama motokari zinatembea upande wa kuume. Hata mutoto mudogo anajua. Lakini kila siku makamiyo yanaingia kwa Kasumbalesa kutoka Zambia, na kule Zambia motokari zinatembea upande wa kushoto. Ni shofere mumoja, kamiyo moja, siku moja: asubuhi alikuwa kushoto, mangaribi iko kuume. Tena, ndani ya mengi ya makamiyo hayo usukani uko upande wa kuume, kwa sababu yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za kule. Mambo haya yanagusa shofere, mutu wa kinga, mutu wa pikipiki, na zaidi yule anayetembea kwa miguu. Ndiyo maana tunayaelezea hapa.

Sababu gani inchi mbili zenye kugusana, zenye shaba ileile chini ya udongo, zinatembea pande tofauti? Ni urizi wa wakoloni tu. Waingereza kwao walitembea kushoto, na sheria yao ikabaki Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda. Wabelgiji walitembea kuume, na Kongo, Rwanda na Burundi wakafuata. Usizanie kama upande mumoja uko na akili kupita ule mwingine. Hatari haitoki kwa upande. Inatoka kwa kuhama upande, na kwa kuendesha motokari ya upande mumoja kwenye barabara ya upande mwingine.

Kuna inchi zilizobadilisha upande wao kabisa. Hapa Afrika, Nigeria ilihama kutoka kushoto kwenda kuume katika mwaka 1972, na Ghana katika mwaka 1974, kwa sababu majirani wao wote walikuwa wanatembea kuume. Lakini inchi inayofaa tuiangalie sana ni Uswidi, kule Ulaya ya kaskazini, kwa sababu wenye elimu ya barabara walihesabu kila kitu mbele na nyuma ya mabadiliko, na hesabu yao inatufundisha jambo ambalo mutu hangelizania.

Wakati ule watu wa Uswidi walitembea kushoto. Majirani wao, Norway na Finland, walitembea kuume. Tena kulikuwa jambo la kushangaza: motokari nyingi za Uswidi zilikuwa na usukani upande wa kushoto, sawa zetu za hapa. Kwa hiyo shofere aliikala upande wa majani, mbali na katikati ya barabara. Akitaka kupita motokari ya mbele, hakuona kinachokuja mpaka aingize karibu motokari yote katikati. Wengi waligongana uso kwa uso. Ukigeuza ile picha sawa unavyoigeuza ndani ya kioo, utaona kamiyo ya usukani wa kuume kwenye barabara yetu ya Lubumbashi na Likasi.

Katika mwaka 1955 serikali iliuliza wananchi. Kati ya watu 100 waliopiga kura, 83 walikataa kuhama. (Nani anapenda kuachana na desturi yake?) Lakini motokari ziliongezeka, na katika mwaka 1963 Bunge likaamua: tutahama. Walijipa miaka mine ya kutayarisha. Mabasi mengi yalipaswa kupata milango upande mwingine, kwa sababu mulango wa zamani ungeshusha watu katikati ya barabara. Alama za barabara karibu 360,000 zilipaswa kubadilishwa. Masomoni watoto walifundishwa kuvuka upya. Redio ilisema kila siku. Mpaka kwenye makaratasi ya maziwa waliandika alama ya ile siku.

Siku yenyewe ilikuwa ya Mungu, tarehe 3 Septemba 1967. Usiku, motokari zisizo na kazi ya lazima zilikatazwa kutembea. Alfajiri, dakika kumi mbele ya saa iliyopangwa, zote zilizokuwa barabarani zikasimama, zikavuka polepole kwenda upande wa kuume, zikasimama tena. Saa ilipofika, zikaondoka. Mwendo ulipunguzwa inchi nzima.

Watu walingoja damu. Haikuwa hivyo: majuma yale ya kwanza aksida zilipunguka. Katika mwaka 1966 watu zaidi ya 1,300 walikufa barabarani kule Uswidi. Katika mwaka 1967 walikuwa chini ya 1,100. Kwa nini? Kwa sababu kila mutu aliogopa. Shofere aliangalia mara mbili, mutembezi alisimama kwanza. Lakini woga ule haukudumu. Watu walizoea, wakaongeza mwendo, na kufika mwaka 1969 hesabu ilikuwa imerudia karibu na ile ya zamani.

Sasa turudi kwetu. Wengi wanazania kama shofere wa hatari ni yule anayeingia Kongo mara ya kwanza. Mara nyingi sivyo. Yule anashika usukani kwa mikono miwili, macho yako wazi, anatembea polepole. Inafaa kujihazari zaidi na yule aliyekwisha kupita mara nyingi na haogope tena, na zaidi saa ambapo akili yake inalala na desturi inaendesha. Saa zile zinajulikana. Ya kwanza ni alfajiri, wakati anatoka kwenye kiwanja alipolala na barabara iko bule: hakuna motokari ingine ya kumukumbusha upande, basi mikono inamurudisha kushoto. Ya pili ni wakati anakata kona kutoka njia ndogo na kuingia barabara kubwa. Ya tatu ni wakati amechoka, kwa mufano nyuma ya kungoja siku nyingi kwenye mustari wa mupaka. Kwa hiyo wewe unayeenda kazi ya asubuhi kwa kinga, usiseme: hakuna motokari, niko salama. Barabara bule ndiyo inayodanganya shofere wa mupaka.

Kuhusu usukani wenyewe, fahamu yule shofere anaona nini na haoni nini. Ameikala kuume, karibu na majani. Mutu wa kinga mbele yake, kuume, anamuona vizuri, pengine kuliko shofere wetu anavyomuona. Lakini upande wa kushoto, ule wa katikati ya barabara, kuna kipande kikubwa kando ya mulango ambacho kioo chake hakionyeshe. Motokari ndogo inayompita inaingia katika kipande kile na kupotea machoni. Uingereza walipata shida hii kwa kugeuka: makamiyo ya Ulaya yenye usukani wa kushoto yalikuwa yakihama musitari na kusukuma motokari ndogo zilizokuwa kando yao. Serikali ikagawia mashofere kipande cha plastiki chembamba cha kubandika kwenye dirisha, kinachopinda mwangaza na kuonyesha kile kilichofichwa, na kugongana kwa ubavu kukapunguka. Kwetu, kabla ya kupita kamiyo ya namna hiyo, piga honi na uwashe taa, upite bila kuchelewa kando yake. Kukaa kando ya gurudumu lake huku unaongea na rafiki ni ujinga.

Na kupita kwenyewe, je? Tufanye hesabu, maana wengi wanapita kwa moyo, hawapite kwa hesabu. Kamiyo ya mbele inatembea kilomita 60 kwa saa, wewe 80. Unaipata kwa kilomita 20 tu kwa saa, ni kusema mita 5 na nusu kwa sekunde. Kamiyo iko na urefu wa karibu mita 20. Ongeza mita 20 za nyuma yake, mita 20 za mbele yake mupaka urudie upande wako, na urefu wa motokari yako. Jumla ni mita 65 hivi. Unatumia sekunde 12. Katika sekunde zile motokari yako inakwenda mita 260 na zaidi. Na kama mwingine anakuja mbele yako na kilomita 80, naye anakwenda mita 260. Kwa hiyo, siku unapoanza kupita, inafaa uone barabara bule zaidi ya nusu ya kilomita, na uongeze ingine ya usalama. Vumbi ya muvua iliyokosekana inakuonyesha mita ngapi? Na shofere wa usukani wa kuume anayekuwa nyuma ya kamiyo ingine haone hata mita 50 mpaka atoe kichwa cha kamiyo nje. Ukiona kichwa kinatoka na kurudi, kinatoka na kurudi, ujue yuko anatafuta nafasi. Punguza mwendo sasa, usingoje atoke kabisa.

Kwa wanaotembea kwa miguu: kwetu motokari ya kwanza inatoka kushoto. Angalia kushoto kwanza, kisha kuume, kisha kushoto tena. Ukifika katikati, angalia kuume. Lakini wengi wetu wako na ndugu kule Chililabombwe, Kitwe na Ndola. Kule yote inageuka: ya kwanza inatoka kuume. Usicheke, hata watu wakubwa wamekosea. Katika mwezi wa Desemba 1931 Bwana Winston Churchill, aliyekuwa baadaye mukubwa wa serikali ya Uingereza, alikuwa New York akivuka barabara kubwa. Alipofika katikati aliangalia kushoto, sawa alivyozoea kwao. Motokari ikatoka kuume na kumuangusha, akapelekwa hospitali. Ukiwa na watoto mukienda Zambia kwa kilio ao kwa ndoa, uwashike mukono siku zote za kwanza, na zaidi siku ya kurudi, maana wakati ule watakuwa wamezoea ya kule.

Mahali ambapo hakuna njia ya watembezi, tembea upande wa kushoto wa barabara, uso kwa uso na motokari, mumoja nyuma ya mwingine. Ukiona kamiyo inakukaribia vibaya, unaweza kuruka kwenye majani. Ikikutoka nyuma, huoni kitu. Kinga, hapana: kinga ni gari, inafuata kuume pamoja na gari zingine. Usiku, mutu wa nguo nyeusi haonekane mupaka taa iko karibu naye. Shati la kazi lenye kipande kinachongaa halifanye kazi likiwa limefungwa ndani ya mufuko.

Inabaki jambo moja kwa wenye motokari. Ukikutana na kamiyo inayokuja mbele yako kwenye upande wako, usihame kwenda kushoto. Shofere yule akishituka, atarudi kwenye upande wake wa haki, na upande ule ndio kushoto kwako, mutakutana palepale. Ondoa muguu kwenye mafuta, funga breki bila kuzuia magurudumu, washa taa kubwa mara mbili ao tatu, piga honi, na uende kuume, mupaka kwenye majani ikiwa lazima.