“Yule Mhunzi”: Safari ya Jina Angove kutoka Cornwall

Katika rasi ya Cornwall, iliyoko pembe ya kusini-magharibi kabisa ya Uingereza, kuna jina la ukoo ambalo silabi yake ya kwanza imehifadhi kipande cha sarufi ya lugha iliyokoma kuwa lugha ya majumbani mwishoni mwa karne ya 18. Jina hilo ni Angove, na wenye nalo leo wametapakaa kuanzia vijiji vya Cornwall hadi mashamba ya mizabibu ya Australia Kusini, ambako hutamkwa kama neno moja lisilo na kazi nyingine isipokuwa kumtambulisha mtu na jamaa zake. Kwa asili, hata hivyo, Angove ni maneno mawili ya Kikorni, lugha ya kale ya Cornwall yenye undugu wa karibu na Kiwelisi cha Wales na Kibretoni cha kaskazini-magharibi ya Ufaransa: *gov* maana yake ni mhunzi, yaani mfua chuma, na *an* ni neno dogo linaloonyesha kwamba anayetajwa ni mtu ambaye msemaji na msikilizaji wote wawili wanamjua.

Kiswahili hakina neno la aina hiyo, lakini tafsiri iliyo karibu zaidi ni “yule”, na ndani ya “yule” huyo mna picha nzima ya kijiji. Aliyeitwa *an gov* hakuwa mhunzi fulani miongoni mwa wahunzi, bali yule ambaye kila mtu alijua kiwanda chake kilipo, ambaye ndiye aliyechochea moto kwa mivukuto na ndiye aliyepelekewa majembe yaliyovunjika, farasi wa kupigiliwa viatu vya chuma kwatoni na nguzo za mageti zilizopinda, na ambaye mlio wa nyundo yake juu ya fuawe ulitosha kumwonyesha mgeni njia. Katika Kikorni neno *an* lina tabia nyingine ya kupendeza, kwa kuwa hulainisha konsonanti ya kwanza ya nomino ya kike iliyo katika umoja, kwa namna inayofanana kidogo na jinsi *ulimi* unavyogeuka kuwa *ndimi* katika wingi: paka ni *kath*, lakini “paka yule” ni *an gath*. Nomino ya mhunzi ni ya kiume, na kwa hiyo *g* yake imebaki imara. Waandishi wa Kikorni wa zama za kati waliimalizia kwa herufi *f* ingawa sauti yenyewe ilikuwa *v*, na makarani waliozoea maandishi ya Kiingereza walipoandika *-ove* walifuata kile masikio yao yalichosikia. Hivyo ndivyo jina lilivyobeba, bila mwenyewe kujua, neno la kubainisha, jinsia ya nomino na matamshi ya konsonanti ya mwisho, mambo matatu ambayo mwanafunzi wa leo wa Kikorni hujifunza darasani.

Thamani ya hifadhi hiyo huonekana vizuri zaidi jina linapolinganishwa na ndugu yake wa ng’ambo ya bahari. Wabretoni, ambao mababu zao walivuka kutoka kisiwa cha Uingereza katika karne za mwanzo za zama za kati, nao wana ukoo wa mhunzi, na ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana kwao: Le Goff. Mhunzi ni yule yule, lakini “yule” wake amebadilishwa, kwa kuwa mahali pa neno la Kibretoni pamewekwa *le* la Kifaransa, lugha ya utawala. Katika Cornwall utawala wa Kiingereza haukutafsiri neno hilo dogo; uliligandisha tu kwenye jina, likaacha kuonekana kuwa neno, na kwa kutoonekana huko likanusurika.

Shahidi mkuu wa namna majina ya Cornwall yalivyozaliwa ni Richard Carew, bwana wa shamba la Antony mashariki mwa Cornwall, ambaye mwaka 1602 alichapisha *The Survey of Cornwall*, kitabu kinachoieleza nchi yake kuanzia migodi ya bati hadi michezo ya vijijini. Carew hakuandika kama msomi wa mbali, kwa maana aliwajua watu aliowataja na alikuwa mmoja wa tabaka lililoamua nani aandikwe vipi. Yeye ndiye anayeeleza kwamba majina mengi ya Wakorni huanza kwa *tre*, yaani kitongoji, kwa *pen*, yaani kichwa au ncha, au kwa *pol*. Yeye pia ndiye anayeeleza kwamba mtu wa kawaida aliitwa kwa jina lake, likafuatiwa na la baba yake, desturi ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, kisha likamalizikia na mahali alipoishi: John mwana wa Thomas anayekaa Pendarvis alikuwa John Thomas Pendarvis, na mdogo wake Richard alikuwa Richard Thomas Pendarvis.

Carew haishii hapo, na anachokiongeza kinapaswa kumtia wasiwasi kila anayechora mti wa ukoo wa Kikorni. Anasema kwamba kwa desturi hiyo mtu alipohama makazi alihama pia jina, na anatoa mifano kwa utulivu wa mtu anayesimulia jambo la kawaida: wa Trengove aligeuka kuwa wa Nance, wa Bonython akawa wa Carclew, na ndugu wawili wa ukoo wa Thomas wakaachana majina kabisa, mmoja akiwa Carnsew na mwingine Roscrow. Mfano wa kwanza unamhusu mhunzi moja kwa moja, kwa sababu Trengove ni *tre* + *an* + *gov*, “kitongoji cha yule mhunzi”, na Nance ni bonde. Kwa hiyo ukoo mmoja uliweza kuuacha uhunzi kwa kuhamia bondeni, na mtu asiyewahi kushika nyundo aliweza kuupata kwa kuhamia kwenye kitongoji hicho. Ikiwa damu moja iliweza kuzaa majina mawili, na ikiwa takriban kila parokia ilikuwa na “yule mhunzi” wake, jina Angove linathibitisha undugu wa nani na nani?

Uhamaji uliotawanya majina haya duniani unajulikana vya kutosha. Wachimbaji wa bati na shaba wa Cornwall walikuwa Real del Monte nchini Mexico tangu miaka ya 1820, Burra huko Australia Kusini tangu miaka ya 1840, na baada ya bei ya shaba kuporomoka katika miaka ya 1860 waliondoka kwa familia nzima kwenda Moonta, nako Australia Kusini, na pia California na kwingineko. Si kila aliyeondoka alikuwa mchimbaji. Daktari William Angove alifika Australia Kusini mwaka 1886, akapanda mizabibu Tea Tree Gully, na mwaka 1910 familia ikaanzisha shughuli Renmark, kando ya mto Murray. Mjukuu wake, Thomas Angove, alipata mwaka 1965 hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mfuko wa plastiki uliojazwa mvinyo na kutiwa ndani ya boksi la kadibodi. Mnunuzi wa kwanza alilazimika kukata pembe ya mfuko, kumimina, kisha kuifunga tena kwa kibanio. Bomba dogo la kufungulia lilikuja baadaye. Mfuko huo ulinywea kadiri mvinyo ulivyopungua, hewa haikuingia, na kinywaji hakikuchacha. Ni kazi ya mikono yenye akili, iliyofanywa na mtu ambaye jina lake lilitaja kazi nyingine ya mikono katika lugha nyingine.

Mhunzi maarufu kuliko wote, hata hivyo, hakuhama. Michael Joseph wa St Keverne, aitwaye An Gof, aliongoza pamoja na mwanasheria Thomas Flamank maandamano ya Wakorni hadi London kupinga kodi ya vita dhidi ya Waskoti, akashindwa karibu na Deptford tarehe 17 Juni 1497, na siku 10 baadaye akauawa Tyburn, mahali pa kunyongea watu huko London. Mwaka 1997, Wakorni walipoirudia safari hiyo kwa miguu, walimsimamishia sanamu kijijini kwake. Kwake yeye *an gof* ilikuwa bado ni kazi, si ukoo, na maandishi ya Kiingereza yanamwita Joseph. Madaftari ya ubatizo yalianza kuandikwa parokiani mwaka 1538, miaka 41 baada ya kifo chake, wakati wajukuu wa kizazi chake walipokuwa wakisogea mbele ya makarani kutaja majina yao. Je, kwa mhunzi kama huyo, karani aliandika Joseph, au aliandika alichosikia kikiitwa mitaani?